Kabla Hujajaza Saikolojia Kwenye Fomu

Matokeo ya KCSE yakishatangazwa na tovuti ya KUCCPS ya kuombea nafasi za vyuo ikafunguliwa, saiba za Meru mjini na za Embu hujaa vijana walioshika karatasi za alama, na nyuma ya kila kijana kuna mzazi au mjomba. Mjomba anataka uuguzi. Alama zimekataa uuguzi. Mwenye saiba, foleni ikiwa imemwelemea, anatoa ushauri wa bure: "Jaza saikolojia, siku hizi ina soko." Inajazwa. Shughuli ya dakika chache inamfunga mtu miaka minne.

Mwongozo huu usome kabla hujafika pale. Unahusu ukoo mzima wa masomo yanayochunguza mwenendo wa binadamu: saikolojia, sosiolojia, ushauri nasaha, ustawi wa jamii, kriminolojia, na lile tawi la uchumi linalouliza kwa nini mkulima anayejua faida ya mbolea bado hainunui. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Masomo haya yana thamani kubwa, hasa huku kwetu, lakini shahada yake ikiwa peke yake haimpi mtu kazi. Mwalimu akihitimu anajua anakwenda TSC, tume ya walimu. Muuguzi anajua baraza lake. Wewe utajikuta kwenye ukumbi wenye milango mingi, karibu yote imefungwa, na kila mlango una mwenye ufunguo wake. Anayefanikiwa ni yule aliyeuchagua mlango akiwa bado mwaka wa pili.

Darasani kuna nini

Ondoa kwanza dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba saikolojia itakufundisha kusoma mawazo ya watu. Ya pili, ambayo ndiyo hupoteza wengi, ni kwamba mtu anayeaminiwa siri na marafiki zake amezaliwa mshauri, na kilichobaki ni cheti tu. Sikio jema ni mtaji, sikatai. Lakini mapema kabisa utakutana na takwimu, mbinu za utafiti, na biolojia ya ubongo na mishipa ya fahamu, na hapo ndipo waliokimbilia kozi hii kwa kuikwepa hesabu hugundua kwamba hesabu imewatangulia. Utapewa majibu ya watu mia tatu waliohojiwa kuhusu unywaji wa pombe na kuulizwa: tofauti hii kati ya wanaume na wanawake ni ya kweli, au imetokea kwa bahati tu? Kama swali la namna hiyo linakuchosha hata kabla hujaanza kulijibu, tazama ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii, ambako hesabu ni nyepesi na unafika uwanjani mapema.

Kiini cha masomo yote haya ni kutazama watu wanachofanya kabla ya kuamini wanachosema, kisha kuuliza kitendo hicho kinawafanyia kazi gani. Vitabu utakavyopewa vimejaa mifano ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Huna haja ya kwenda mbali hivyo.

Mwaka 1956 baraza la wazee wa Ameru, Njuri Ncheke, likishirikiana na maafisa wa serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Katika miaka mitatu iliyofuata, zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kuikaidi amri hiyo. Kuna wasichana waliochukua nyembe wakakatana wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri". Mwanahistoria Lynn Thomas ameyaandika haya kwa kina. Sasa yatazame kama mwanafunzi wa tabia. Amri ililenga wembe. Lakini tohara ndiyo iliyomtoa msichana utotoni, ikampa rika, ikamwekea heshima mbele ya wanawake wenzake na kumfungulia njia ya kuolewa. Wakubwa waliondoa tendo wakaacha pengo, nao wasichana wakaliziba kwa mikono yao.

Miaka 40 baadaye, mwaka 1996, huko Gatunga katika Tharaka, mashirika ya Maendeleo ya Wanawake na PATH yalilijia jambo lile lile kwa njia nyingine. Ilikuwa sherehe iliyoitwa Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Wasichana walikaa faraghani siku kadhaa wakifundishwa mambo ya utu uzima, kisha wakatoka kwa nyimbo, zawadi na kutambuliwa mbele ya watu. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa wembe. Mpango huo ulienea hadi wilaya nyingine. Haukumaliza ukeketaji, na tathmini zilizofuata zilionyesha kwamba sherehe haina nguvu pale ambapo familia na jirani hawajazungumzishwa kwanza. Hata hivyo, ulianza na swali sahihi. Ukiusoma mkasa wa 1956 na ule wa 1996 kwa pamoja na ukajikuta unataka kujua zaidi, hiyo ni dalili nzuri kuliko alama ya Kiswahili au ya biolojia.

Usidhani basi kwamba kazi ni za mila tu. Pengine umewahi kupanda matatu yenye stika inayokuhimiza upaze sauti dereva anapoendesha ovyo. Stika hizo zilitokana na utafiti wa James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown. Walizibandika ndani ya matatu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, wakaziacha nyingine bila stika, kisha wakafuatilia madai ya bima. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011, madai ya matatu zenye stika yalipungua kwa karibu nusu. Faini haikuongezwa, polisi hawakuongezwa. Abiria alipewa ruhusa ya kusema. Mwaka huo huo Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walichapisha utafiti wa Busia kuhusu mbolea. Mkulima alikuwa anapanga kununua, lakini msimu ukifika hela zimekwisha. Walipomwuzia vocha ya mbolea mara tu baada ya mavuno, wakati mfukoni bado kuna kitu, na kumletea mbolea bila malipo ya usafiri, wengi zaidi waliitumia. Mtu wa Runyenjes au Nkubu anayejua pesa za kahawa huingia lini na huisha lini anaelewa utafiti huo kabla haujaelezwa.

Usomee wapi

Nairobi si lazima. Kando ya barabara ya Embu hadi Meru na viunga vyake una vyuo vikuu kadhaa. Chuo Kikuu cha Embu, ambacho kilianzia kwenye chuo cha kufunzia maafisa wa kilimo, kilipata hati yake mwaka 2016. Chuka, kilichokuwa chini ya Egerton, kilipata yake mwaka 2013, na kina kriminolojia na masomo ya usalama. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, palepale penye makao ya Njuri Ncheke, nacho kilipewa hati mwaka 2013. Kaaga kuna Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya, cha binafsi, chenye hati tangu mwaka 2006. Kwa shahada unahitaji wastani wa C+ na alama nzuri katika masomo manne ya kundi la kozi yenyewe. Aliyepata C- bado ana diploma, na taasisi kama Meru National Polytechnic ziko karibu. Diploma nzuri ya kazi za jamii, ikifuatwa baadaye na shahada, imewafikisha watu mbali kuliko shahada iliyosomwa kwa kuvuta miguu.

Orodha ya kozi hubadilika kila mwaka, kwa hiyo tazama ile ya mwaka wako kwenye tovuti ya KUCCPS, wala usitegemee aliyoisoma binamu yako. Kisha nenda chuoni kwenyewe. Nauli ya matatu ni ndogo kuliko karo ya muhula mmoja. Mwombe karani wa idara orodha ya masomo ya miaka yote minne, na umuulize mambo mawili: wahadhiri wangapi wa kudumu wamesomea fani hii hasa, na mwanafunzi wa ushauri nasaha anakaa na wateja kwa saa ngapi akisimamiwa na mtu mwenye leseni. Jibu la swali la pili likiwa la kubabaisha, kozi hiyo itakufunza historia ya ushauri, haitakufunza kushauri.

Kuhusu karo nitasema kidogo tu, maana kanuni zimekuwa zikibadilika na kupingwa mahakamani tangu mfumo mpya wa ufadhili ulipoletwa mwaka 2023. Omba mkopo wa HELB siku ya kwanza maombi yakifunguliwa, hata kama mzazi ameahidi kuuza ng'ombe.

Mwenye ufunguo

Hapa ndipo wengi hupotelea, na ndipo ninataka utulie zaidi.

Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili. Mtu hafungui ofisi Makutano akaandika "mwanasaikolojia" mlangoni kwa sababu ana shahada ya saikolojia. Bila usajili anavunja sheria. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, tafuta masharti ya bodi hiyo na uyalinganishe na kozi unayoitaka. Ukitaka kuwa mwanasaikolojia wa kliniki, anayepima na kutibu watu hospitalini, jua kwamba shahada ya kwanza ni nusu ya safari, uzamili unakungoja. Na ukisema unataka kuwa daktari wa magonjwa ya akili, anayeandika dawa, basi umeshika njia nyingine kabisa: unasomea udaktari wa tiba kwanza, kisha unabobea katika magonjwa ya akili.

Mtego wa pili ni wa ualimu. Shule za sekondari zina walimu wa ushauri nasaha, na vijana hudhani shahada ya saikolojia itawapeleka huko. Haitawapeleka. TSC husajili mtu aliyesomea ualimu na masomo mawili ya kufundisha, na saikolojia si mojawapo. Ukipenda kuwa mshauri wa shule, soma shahada ya ualimu, upate namba ya TSC, halafu ongeza diploma au uzamili wa ushauri. Njia ni ndefu kidogo, lakini mshahara unaanza mapema.

Anayelenga usimamizi wa wafanyakazi, katika kiwanda cha chai, benki au serikali ya kaunti, anakutana na sheria nyingine ya mwaka 2012 inayohitaji usajili wa taaluma hiyo. Na vituo vya kuwatibu waraibu, ambavyo vimeongezeka sana katika ukanda huu, hupata kibali kutoka NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Ukitaka kufanya kazi huko, mafunzo ya ziada ya ushauri wa uraibu yatakupa nafasi mbele ya mwenye shahada tupu.

Kazi zenyewe

Kazi inayosahaulika mno, na ambayo mimi ningemwelekeza mpwa wangu, ni ya afisa wa probesheni. Kabla hakimu hajatoa hukumu, afisa huyu hutumwa kumchunguza mshtakiwa: anakwenda nyumbani kwao, anazungumza na chifu, jirani, mwajiri, na aliyekosewa, kisha anaandika ripoti inayoweza kumpeleka mtu jela au kumrudisha kijijini kufanya huduma kwa jamii. Ni saikolojia, sosiolojia na kriminolojia katika faili moja. Afisa wa watoto hufanya kazi ya jamaa hiyo, kwa mujibu wa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Nafasi hizi hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma, hazitangazwi mara kwa mara, na huombwa na maelfu. Usingoje tangazo ndipo utafute vyeti. Nafasi za kaunti hupitia bodi ya utumishi ya kaunti yako.

Afya ya akili inapanuka, ingawa polepole kuliko maneno yanayosemwa juu yake. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilitoa ripoti yake mwaka 2020, Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa mwaka 2022, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu kilichomfanya anayejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakiuka Katiba. Hukumu hiyo inagusa kazi yako moja kwa moja: mteja aliyeokolewa anastahili kuletwa kwa mshauri badala ya kupelekwa selo. Hospitali kubwa za Meru na Embu zinahitaji watu wa namna hii, ila bajeti ya kuajiri haijakimbia kama mahitaji. Ndiyo maana mipango inayotumia vijana waliopewa mafunzo mafupi inastahili kutazamwa. Taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Tom Osborn, huwafunza vijana waliomaliza sekondari si zamani waongoze vikundi vya wanafunzi kuhusu msongo na huzuni. Ukipata nafasi ya aina hiyo ukiwa bado chuoni, ichukue; utajifunza kukaa kimya mtu akilia, somo ambalo halina mtihani.

Upande wa utafiti na biashara ndio unaolipa haraka. Kituo cha Busara, chenye makao Nairobi, hufanya majaribio kuhusu jinsi watu wanavyoweka akiba, kukopa na kutumia huduma. Kampuni za kura za maoni, za bima na za mikopo ya simu nazo hutafuta mtu anayeweza kuuliza swali bila kulipinda na kusoma majibu bila kujidanganya. Wengi huanza wakiwa wahoji wa kutwa, kibarua cha wiki mbili Tigania au Kiritiri, dodoso likiwa kwenye simu. Usikidharau kibarua hicho. Na hapa una silaha ambayo kijana wa Nairobi hana: Kimeru chako, pamoja na uwezo wa kusikia tofauti ya mtu wa Igembe na wa Imenti, au Kiembu na Kimbeere. Mama wa Siakago hatakueleza ugomvi wa nyumbani kwa Kiingereza.

Mashirika ya misaada nimeyaweka mwisho kwa makusudi. Zamani kila mhitimu wa sosiolojia aliota gari jeupe la mradi. Mwaka 2025 Marekani ilipoivunja USAID, miradi ya afya nchini ilisimama na watu wengi wakapoteza kazi kwa muda wa majuma. Ukipata nafasi huko, ingia, ujifunze ufuatiliaji na tathmini, lakini usikope nyumba kwa mkataba wa mwaka mmoja.

Miaka minne uitumieje

Takwimu usizisome za kupita mtihani. Programu ya R ni ya bure. KoboToolbox, inayotumika kukusanya majibu kwa simu, nayo ina nafasi ya bure. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeweza kuunda dodoso, kulikusanya na kuchora matokeo ana kazi hata kabla ya mahafali, kwa sababu wanafunzi wa uzamili watamtafuta. Wengine watamtaka awaandikie kabisa. Hapo kataa.

Mradi wa utafiti wa mwaka wa nne uuchague nyumbani, na uchague jambo linalobishaniwa. Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, yale majani yanayotafunwa. Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri hiyo, na kwa siku kadhaa nchi nzima ikagawanyika. Mbeere wakasema ni karo ya watoto wao, maana ardhi yao kavu haina zao jingine linalochumwa mara kwa mara namna ile. Pwani wakasema ni watoto wao wanaoharibika. Wote walisema kwa uchungu, na wachache walikuja na hesabu. Anayeanza kutafuna huanza akiwa na umri gani, pamoja na nani, saa ngapi, na siku asiyotafuna anafanya nini badala yake? Hayo ni maswali ambayo mwanafunzi mmoja mwenye subira anaweza kuyauliza katika vituo viwili vya boda boda. Pombe ina maswali yake. Mei 2014 kinywaji chenye methanoli kiliua watu katika kaunti kadhaa, Embu ikiwemo, na bado baa za bei rahisi zikajaa tena. Ukipanga kuhoji watu juu ya mambo kama haya, pata idhini ya kamati ya maadili ya chuo na kibali cha utafiti cha NACOSTI, na majina ya waliokujibu yasikae kwenye simu unayoiazimisha.

Halafu kuna mafunzo ya kazini, ile atachimenti ambayo wengi huifanya popote palipo karibu na nyumbani ili wajaziwe kitabu. Iombe kwenye mlango uliouchagua. Anayetaka probesheni aende kwenye ofisi zilizo kwenye mahakama za Meru, Embu au Siakago. Anayetaka hospitali aende hospitalini, hata kama wiki ya kwanza atapewa kupanga mafaili. Barua ipeleke mwenyewe miezi mitatu au minne kabla, ikiwa na barua ya utambulisho kutoka chuoni, nakala ya kitambulisho na bima ya ajali ambayo ofisi nyingi za serikali huidai. Karani akikuambia uiache juu ya meza, iache, lakini usiondoke kabla hujajua jina la afisa anayeshughulikia wanafunzi na siku anayokuwepo. Siku hiyo rudi, saa mbili asubuhi, kabla hajaingia kortini.